Fildi Isiyokubali Kuwa Tupu

Alhamisi, Nyakasimbi. Mvua nyembamba tangu asubuhi, ile isiyo na haraka, na ukungu haujanyanyuka siku nzima. Nguo nilizofua jana Nkwenda nimeziacha kwenye kamba zikiwa na maji mengi kuliko nilipozianika.

Shajara, leo sijielewi. Nalisema mapema ili nisije nikajifanya mjuzi huko chini. Nimeshinda nikibadilisha neno moja na kulirudisha, na kila nikilirudisha linaonekana baya zaidi.

Neno lenyewe ni "mwenye".

Nianze na kazi yangu, maana bila hiyo hata mimi sitaelewa nikija kusoma haya mwakani. Mimi ni mtu wa kompyuta katika chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa. Ofisini kwetu Nkwenda kuna seva, kisanduku cheusi kinachovuma kutwa juu ya kabati, na humo ndimo tunamohifadhi taarifa za mashamba yote ya wanachama. Vituo vyetu vya kupokea kahawa, kuanzia Murongo mpakani mpaka huku Nyakasimbi, vina vishikwambi. Karani anapima shamba, anajaza taarifa kwenye kishikwambi, kishikwambi kinazituma kwa mtandao, hifadhi inazipokea.

Ila hifadhi haipokei kila unachoirushia. Kishikwambi na hifadhi lazima viongee kwa utaratibu mmoja, na mimi ndiye niliyepewa kuuandika. Ukiuangalia kwa mbali ni kazi ya kuchosha tu. Unaorodhesha fildi, yaani vile visanduku vidogo vya kujaza, na kila fildi unaipa vitu viwili: jina lake, na aina ya kitu kinachoruhusiwa kuingia ndani. Tarehe ya kupimwa: hii ni tarehe, usiniandikie "juzi". Mipaka: hizi ni pointi za ramani. Ukubwa: hii ni namba. Ndivyo nilivyokwenda wiki nzima, jina na aina, jina na aina, nikijisifu kimoyomoyo kwamba hakuna karani atakayenishinda kwa kuandika upuuzi.

Nilipofika kwenye fildi ya mwenye shamba sikufikiri hata kidogo. Jina: mwenye. Aina: namba ya mwanachama. Mtu mmoja. Lazima ijazwe.

Nikaenda kunywa chai.

Haraka ya kazi hii inatoka kwa wanunuzi wa nje. Sasa wanataka ramani ya kila shamba, wajue kahawa haikutoka kwenye msitu uliokatwa juzi, na wanataka jina la mtu wa kumuuliza. Shamba lisilo na ramani kahawa yake haitaingia kwenye mzigo wa msimu huu. Bosi wangu Projest ametangaza kwamba utaratibu wote unafungwa kesho Ijumaa. Ukishafungwa, vishikwambi vyote vinapakiwa na hakuna kugusa tena mpaka msimu uishe.

Sasa niseme nilichofanya.

Wiki iliyopita Projest aliniomba niandae shamba moja la mfano, liwe la kweli, nilitumie kuwafundisha makarani wa vituo vyote. Shamba la kweli nililokuwa na mipaka yake tayari ni kibanja cha nyumbani kwa mume wangu, yaani shamba la ukoo linalozunguka nyumba, hapa hapa nilipo. Nilikuwa nimekizunguka mwenyewe na simu mkononi wakati wa majaribio, nikapita kwenye migomba, kwenye kahawa iliyo chini ya migomba, mpaka kule mwisho kwenye makaburi. Baba mkwe wangu amelala huko. Tumemzika mwishoni mwa mwaka jana na udongo wake bado haujashikana vizuri.

Yeye ndiye mwanachama. Kibanja kiko kwa namba yake. Nikaijaza namba yake kwenye fildi ya mwenye, na kishikwambi kikafanya nilichokifundisha kufanya. Kikaitafuta namba, kikaniletea jina lake kamili, herufi kubwa, katikati ya kioo.

Nikasimama.

Kwetu Muleba nilikulia kwenye mikono ya bibi, na jambo ambalo bibi hakuwahi kulifanyia mchezo ni hili: mkamwana hatamki jina la baba mkwe. Unamwita baba, unamwita mzee, ukibanwa sana unamwita babu wa watoto wako. Nilipoolewa huku Karagwe nikakuta ni yale yale. Miaka yote niliyokaa kwenye familia hii sijawahi kulitia jina lake mdomoni, na hata hapa sitaliandika. Siku ya mazishi nilipoombwa kusoma salamu za rambirambi nilimpa shemeji asome.

Na kesho yake nilikuwa nisimame mbele ya makarani wote nisome mfano wangu kwa sauti, fildi kwa fildi. "Mwenye", kisha jina. Nilijaribu kulisema peke yangu ofisini, mlango umefungwa. Halikutoka. Nilijiona mjinga, msomi mzima naogopa jina kwenye kioo, lakini halikutoka.

Nikafuta namba yake. Fildi ikabaki tupu, na kishikwambi kikagoma kutuma: "Sehemu hii lazima ijazwe." Maneno hayo niliyaandika mimi. Nikatazama ni namba gani nyingine naijua kwa kichwa. Ni ya mume wangu Novath. Naye ni mwanachama, kwa sababu ya kipande cha kahawa alichopewa na baba yake tulipooana. Nikaiweka. Kikakubali. Nikafundisha darasa langu vizuri sana na makarani wakapiga makofi.

Nilikusudia kuufuta mfano baada ya darasa. Sikujua, au nilijua nikasahau, kwamba hifadhi yetu inapeleka nakala ya kila kilichomo kwenye kila kituo. Karani wa Nyakasimbi, Adventina, binti mwenye bidii kunizidi, akaichapisha ramani ya mfano na kuibandika ukutani kituoni ili asisahau aliyofundishwa.

Jana shemeji yangu Respicius, kaka mkubwa wa Novath, mtoto wa kwanza wa nyumba hii, alikwenda kituoni kuulizia mbolea. Akakuta kibanja cha baba yake ukutani, mipaka yote, makaburi yote, na chini yake: mwenye, Novath.

Na Jumamosi hii ukoo unakaa.

Ndiyo siku ya kumaliza matanga. Wazee wa ukoo watakaa, watamtaja mrithi, watamkabidhi kibanja mbele ya watu. Mpaka siku hiyo kibanja hakisemwi kwamba ni cha nani. Si siri na si ugomvi, ni kwamba hakisemwi tu. Ukimuuliza mtu yeyote hapa kibanja hiki ni cha nani atakujibu kwamba matanga hayajaisha, na wewe unatakiwa ujue kunyamaza. Nami nimekisema, kwa wino, kwenye ukuta wa kituo, mahali wakulima wanapopanga foleni.

Novath alinipigia leo asubuhi kutoka Murongo, anakofanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani. Novath hana kelele. Akikasirika anaongea polepole zaidi, na leo aliongea polepole sana. Aliniuliza nani ameandika jina lake kwenye kibanja. Nikamwambia ni mimi, ilikuwa mfano tu, wa kufundishia.

"Wanasema nilimzika baba kwa mkono mmoja, kwa mwingine nikaandika shamba," akasema. "Nikiwaambia ni mke wangu ndiye aliyeandika, si ndiyo nimejimaliza kabisa?"

Nilianza kumweleza habari ya nakala na vituo, nikasikia mwenyewe ninavyosikika, nikaacha. Akasema ana mzigo, akakata.

Nikakaa mbele ya kompyuta nikidhani nitalimaliza kwa dakika chache. Hapo ndipo nilipopotea.

Nikaondoa namba ya Novath. Hifadhi ikakataa, maana fildi haiwezi kuwa tupu. Nikarudisha namba ya baba mkwe. Ikakubali bila wasiwasi wowote. Nikashtuka. Hifadhi haijui kufa. Nimeiambia mwenye ni namba, na namba haifi. Nikawaza ni vibanja vingapi humo ndani ambavyo mwenye wake yuko chini ya migomba yake mwenyewe, nikaogopa kuangalia.

Nikajaribu kuweka Respicius. Ndiye mkubwa, pengine ndiye watakayemtaja. Lakini hilo ni kosa lile lile nikiligeuza upande wa pili, na safari hii makusudi.

Nikasema basi, iwe fildi ya watu wengi, niweke watoto wote. Ila kishikwambi kimetengenezwa kupokea mmoja, na mwanachama mwenye watoto kumi na kitu itakuwaje? Nikasema iwe ya ukoo. Ukoo hauna namba ya mwanachama. Nikarudi kwenye la kwanza kabisa, iruhusiwe kuwa tupu, nikampigia Projest.

Projest si mtu mbaya, hilo niliandike. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Dada, shamba lisilo na mtu, wakiuliza nani alikata miti, nitawajibu nini? Kwamba migomba inajitawala yenyewe?" Akasema nikiruhusu tupu, makarani wavivu wataacha tupu mashamba yote, na mzigo mzima utarudishwa. Hapo naye ana haki. Nilikata simu nikiwa nakubaliana na kila mtu na sina pa kwenda.

Nilidhani nina fildi moja mbovu. Kumbe sikujua nilikuwa nauliza nini. Mwenye ni aliyenunua? Aliyerithi? Anayelima? Atakayezikwa hapo? Nilipoandika lile neno nilidhani nauliza swali jepesi kuliko yote kwenye ukurasa.

Mchana nikaomba ruhusa, nikachukua pikipiki mpaka huku. Njia nzima nimekumbatia begi la kompyuta chini ya koti la mvua kama mtoto mgonjwa, na dereva akinisimulia bei ya tairi. Nilipita kwanza kituoni. Adventina alikuwa amekwishaibandua ramani. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba shemeji ndiye aliyeondoka nayo, aliikunja vizuri, akasema asante. Afadhali angeichana.

Nyumbani nikamkuta mama mkwe amekaa jikoni anamenya ndizi. Kila mtu hapa anamwita Mama Respi, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Nikapiga magoti, shikamoo Mama, marahaba mwanangu, umekuja na mvua. Hakuniuliza mbona nimekuja katikati ya wiki. Nikachukua kisu kingine nikakaa, tukamenya.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalitoka ovyo. Nikamwambia mimi ndiye niliyeandika, Novath hakujua, na nikamwambia kwa nini. Kwamba niliweka jina la mzee, likaja lote kwenye kioo, na kesho yake nilitakiwa kulisoma mbele ya watu, nikashindwa.

Mama aliacha kumenya. Akanitazama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nikaona kwamba anacheka. Sijamwona akicheka tangu msiba.

"Waitu, mwanangu," akasema, "ulimwogopa hata akiwa ndani ya simu?"

Nikacheka na mimi, halafu nikalia kidogo, halafu moshi ukaniokoa.

Shemeji Respicius alikuja tukiwa hapo hapo. Alikuwa na ramani mfukoni mwa koti. Akasalimia mama yake, akanisalimia na mimi, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mwili nusu ndani nusu nje. Mimi na shemeji tumekuwa tukitaniana toka siku ya kwanza, huniita mke wake mdogo mbele za watu ili Novath anune. Leo hakuna utani.

Mama ndiye aliyemsimulia. Alimsimulia kwa Kinyambo, lugha ya huku, haraka haraka, na alipofika pale penye jina alilitaja bila shida, maana ni mume wake. Nilitazama chini. Respicius alisikiliza mpaka mwisho, akatoa ile ramani, akaikunjua juu ya goti lake.

"Kwa hiyo ulimwandika si kwa sababu ni mume wako," akaniambia.

"Nilimwandika kwa sababu jina lake naweza kulisoma mbele ya watu, shemeji."

Shajara, nilikuwa nimejiandaa kueleza seva, nakala, vituo, darasa, na ningeeleza mpaka Jumapili asingeniamini. Hili aliliamini palepale, bila swali la pili. Kila mtu wa hapa angeliamini, na kila mtu niliyesoma naye chuoni angenicheka. Sijui hilo linasema nini juu ya kazi yangu. Aliikunja ramani tena akamkabidhi mama, akasema atampigia Novath mwenyewe leo, na atawaambia wazee kabla ya Jumamosi kwamba ndugu yake hakugusa kitu.

Ningeweza kuishia hapo. Shida iliyonileta ilikuwa imekwisha, na ningerudi Nkwenda nikiwa mwepesi.

Ila shemeji akauliza, kwa nia njema kabisa, "Sasa utaandika nani?"

Nikamweleza kwamba kesho tunafunga. Kwamba lazima aandikwe mtu, la sivyo kahawa ya kibanja hiki haitaingia msimu huu, na wazee wanakaa Jumamosi, siku moja baada ya kufunga. Nikamhesabia majina niliyojaribu tangu asubuhi: Novath, yeye Respicius, marehemu, watoto wote, ukoo mzima. Nilikuwa nayataja huku namenya ndizi, mbele yangu Mama naye anamenya, ndizi zetu zinaangukia sufuria moja.

"Na mimi mtaniandika wapi?" akasema Mama.

Hakusema kwa kushindana. Alisema kama mtu anayeuliza akae upande gani wa benchi.

Respicius akamgeukia, na sauti yake ilikuwa laini kuliko ilivyokuwa tangu aingie. "Mama, wewe upo tu."

Alimaanisha vizuri. Nina hakika kabisa alimaanisha kwamba wewe huna haja ya kuandikwa, nani atakugusa. Lakini Mama aliinamisha kichwa akarudi kwenye ndizi, akamenya moja, akamenya ya pili. Shemeji naye akaona kitu kimekwenda mrama asijue ni nini. Akaaga. Akasema mvua imepungua, na haikuwa imepungua.

Tulipobaki wawili nilimuuliza anaogopa nini. Aliweka kisu chini. Kisha akasema mradi jina la mzee liko pale, yeye ni mke wa mwenye nyumba. Siku watakapomwandika mtoto, yeyote kati ya watoto wake, hata yule anayempenda zaidi, yeye atakuwa mgeni wa mwanawe. Akasema Respicius ni mtoto mzuri. Akasema Novath ni mtoto mzuri. Akasema mama yake mzazi naye alikuwa na watoto wazuri, na alimalizia siku zake akihama nyumba hadi nyumba na godoro lake.

Nilikuwa nimezunguka kibanja hiki chote na simu, na mtu niliyemkuta ndani yake siku ile akipunguza matawi ya kahawa alikuwa yeye. Nilimsalimia, nikampita, nikaendelea kuchukua pointi.

Halafu nikakumbuka aina ya fildi, nikaona aibu. Namba ya mwanachama. Mama si mwanachama. Hajawahi kuwa. Mwanachama alikuwa mzee, kadi ilikuwa moja, na haikuwahi kumjia mtu akilini kwamba ziwe mbili. Hata mtu angetaka kumwandika, hata wazee wangekaa leo wakasema ni yeye, hifadhi ingemkataa. Ingemkataa kwa mkono wangu, na lile tangazo langu safi la herufi nyekundu.

Nikafungua kompyuta pale pale jikoni, juu ya gunia la maharage.

Sikufanya jambo kubwa, wala sitaki kulikuza. Nimeongeza fildi moja. Jina: anayeishi na kulima. Aina: maandishi, jina la mtu, awe mwanachama asiwe. Lazima ijazwe. Kisha nikairudia ile ya mwenye nikaruhusu iwe tupu, ila kwa sharti: inaweza kuwa tupu pale tu ambapo anayeishi na kulima yupo. Nikampigia Projest nikamwambia wakiuliza nani alikata miti, aulizwe anayelima, si ndiye anayeijua miti? Alipumua kwenye simu, akasema sawa, lakini makarani wakilalamika kwamba kazi imeongezeka nitakwenda kuwajibu mimi, kituo kwa kituo. Nikasema nitakwenda.

Nilipotaka kujaza nikakwama tena. Karibu nicheke. Kwa baba mkwe jina nalijua na siwezi kulisema. Kwa mama mkwe naweza kusema lolote, na jina silijui. Miaka yote hii ni Mama, Mama Respi, bibi wa watoto. Nikapiga magoti bila kujua kwa nini, nikamuuliza Mama, jina lako kamili ni nani?

Alijifuta mikono kwenye kanga kwanza.

"Stefania," akasema. "Stefania Kokubanza." Akalisema la pili taratibu, kama anajaribu kiatu cha zamani, kuona kama bado kinamwingia.

Nikaliandika. Nikaiacha fildi ya mwenye tupu. Mtandao wa hapa ni wa kubembeleza, ikabidi nitoke nje na kompyuta chini ya mwavuli mpaka kwenye kona ya banda la mbuzi, ndipo ikatuma. Hifadhi ikajibu kwamba imepokea. Hakuna herufi nyekundu. Nilirudi ndani nimelowa, najisikia kama nimeshinda kitu, na huku sijui ni kitu gani.

Maana sijui, shajara. Naandika haya jioni hii, ndizi zinatokota, na bado sijui kama nimemsaidia au nimejifariji. Nimemwandika kama anayeishi na kulima. Sikumwandika kama mwenye. Sikuwa na mamlaka hayo, lakini pia nilifarijika kwamba sina, na hilo linanisumbua. Je, nimempa mahali pake, au nimempa jina zuri la "upo tu"? Mtu wa mbali akifungua taarifa hii ataona mwanamke anayelima kibanja kisicho na mwenye. Ndivyo ilivyo kweli leo? Au ndivyo nilivyoona kwamba ukoo utaweza kuvumilia?

Niligeuza kompyuta ili aone. Mama hasomi bila miwani, na miwani yake ilivunjika wakati wa msiba, kwa hiyo nilimshika kidole nikakipeleka kwenye mstari.

"Sasa nimo?" akauliza.

"Umo, Mama."

Akatazama kile kidole chake juu ya kioo.

"Wanaweza kunitoa?"

Ningeweza kudanganya. Alikuwa ananiamini. Lakini utaratibu niliuandika mimi na naujua. Mtu yeyote mwenye ruhusa ya karani anafuta jina na kuweka lingine, na hifadhi itapokea lile jipya kwa adabu ile ile iliyopokea la kwanza.

"Wanaweza," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, hakushangaa. Akafunua sufuria, akatazama ndizi, akafunika.

"Basi Jumamosi ukae karibu nami."

Wazee wa ukoo wakikaa, sisi wakamwana hatukai. Kazi yetu ni jikoni, kupika na kupeleka chakula kwa macho yaliyoinama, na tukisikia neno tunajifanya hatukusikia. Anajua hivyo kuliko mimi. Sijui nitapita mlango gani, sijui Novath atasema nini, sijui nitafungua mdomo au nitakaa tu nimemshika mkono.

Nimemwambia nitakaa.